Mstahiki Meya Anapokea Maelekezo

1

Jumanne saa tatu asubuhi Mstahiki Meya Betweli Chengula alifungua kikao cha Baraza la Jiji la Ikondela. Alikuwa na miezi mitano kaburini.

Alifungua vizuri, sina la kumlaumu. Aliwakaribisha waheshimiwa madiwani, akawapa pole waliofiwa, akasoma ajenda bila kuruka kipengele. Kiti chake kilikuwa mahali pake pa siku zote, joho jekundu limetundikwa mgongoni mwa kiti na mkufu wa jiji juu yake, na mahali alipokuwa akikaa mwenyewe palikuwa na kisanduku cha rangi ya majivu, ukubwa wa redio ya mezani. Kila kilipozungumza, taa ndogo ya kijani iliwaka. Tulikiita Sauti. Kwa Sheria ya Mwendelezo wa Uongozi, meya akifariki muda wake haujaisha, Serikali Kuu haiitishi uchaguzi mdogo. Inatuma Sauti yake imalizie.

Mimi ni Agripina Kalinga, mwandishi wa vikao. Nimekaa kushoto kwa kiti kile miaka kumi na tisa, na hata siku hiyo nilikuwa nimeketi palepale, kalamu mkononi, nikisikia kikohozi kidogo ambacho mtaalamu wa kutoka makao makuu alikitia ili tusione upweke.

Ajenda ya nne ilikuwa barua ya Serikali Kuu. Chemchemi ya Lwangu iingie katika Gridi ya Maji ya Taifa, na funguo za mabomba yake ziende makao makuu. Miji ya bondeni ina kiu, barua ilisema, na hilo lilikuwa kweli, hakuna aliyebisha. Lakini Ikondela ni jiji la milimani. Miezi saba tunakunywa ukungu unaonaswa na nyavu zilizotandwa vilimani, na miezi mitano ukungu ukikata tunakunywa Lwangu tu. Mfereji wake wa kilomita kumi na moja tuliuchimba kwa mikono yetu mwaka wa ukame mkubwa. Betweli alikuwa diwani kijana wakati ule, na nilimwona akishika sururu mpaka viganja vikachubuka.

"Mstahiki Meya," alisema Subilaga Mwakatobe, Naibu Meya, mwalimu wa hesabu mwenye sauti ndogo kuliko umbo lake. "Funguo zikienda kwao, siku tukitaka maji tutaandika barua. Barua ya mwisho kwenda makao makuu ilijibiwa baada ya miezi minane. Mtoto atasubiri uji miezi minane?"

Taa ya kijani ikawaka. "Nakushukuru, Mheshimiwa Naibu Meya, kwa mchango wako mzuri. Baraza linaishukuru Serikali, linapokea maelekezo, na litayafanyia kazi."

Tulihesabu mikono. Kumi na wawili wanataka kutoa funguo, kumi na wawili hawataki. Kura rasmi ikapangwa Alhamisi, mbele ya Mkuu wa Mkoa, na kila mtu ukumbini alijua kitakachotokea. Kura zikilingana, Meya ndiye mwenye kura ya uamuzi. Na meya wetu, tangu afe, hakuwahi kukataa kitu.

2

Kosa lilikuwa langu, na ninaliandika hapa kwa mwandiko wangu.

Betweli wa kweli hakuwa mtu wa kupokea maelekezo. Alikuwa akipandisha suruali kabla ya kusema, anagonga kipaza sauti mara tatu hata kama kinafanya kazi, anatafuta kalamu mezani ilhali ameichomeka sikioni, kisha anafumua. Yeye Mhehe, na Mkuu wa Mkoa wetu, Wendelin Mbano, Mngoni. Babu zao walipigana mikuki mpaka wakachoka wakawa watani, na mtani, kama kila mtu ajuavyo, anaruhusiwa kusema lolote na haruhusiwi kukasirika. Basi kila Serikali Kuu ilipoleta jambo gumu, Mbano alikuja nalo, akaketi, na Betweli akamshukia.

Hili hapa nilinakili kwenye daftari langu siku Serikali ilipotaka soko lihamishwe ipitishe barabara, neno kwa neno: "Mwambieni huyo Mngoni soko halihami, hata aje na ukoo wake mzima na wale ng'ombe waliotuibia."

Na hii ndiyo kumbukumbu niliyoiandaa jioni yake, ikathibitishwa, ikagongwa mhuri: "Mstahiki Meya alimshukuru Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wake na kueleza kuwa Baraza litaendelea kulitafakari suala hilo."

Nani angeandika matusi kwenye karatasi ya serikali? Nilifundishwa adabu. Na ilitusaidia wote. Makao makuu walisoma kumbukumbu wakaona jiji lenye heshima, Mbano akaondoka na neno halisi masikioni, na baada ya wiki mbili tatu njia ilipatikana, soko likabaki, na Serikali nayo ikapata barabara yake kwa kupitia nyuma. Hivyo ndivyo tulivyoishi na wakubwa zetu miaka kumi na tisa. Karatasi ilisema ndiyo, utani ukasema hapana, na watani wote wawili walijua lipi ni lipi.

Mtaalamu alipokuja na kisanduku alitaka kumbukumbu zote zilizothibitishwa. Nilimpa kwa fahari, zimefungwa kwa utepe, mwaka kwa mwaka, hakuna hata doa la chai. Akazisomesha mashine siku mbili. Kwa hizo ikamtengeneza Betweli, na Betweli niliyemwandika mimi alikuwa mtu mmoja mpole, mwenye shukrani, asiye na mtani.

Madaftari yangu kumi na manne yalikuwa kabatini, umbali wa hatua tatu. Hakuyauliza. Nami sikuyataja.

3

Jumanne hiyohiyo alasiri Mbano alikuja ofisini kwangu peke yake, akavua kofia, akaomba chai ya tangawizi. Ni mtu mrefu, na tangu msiba alikuwa amepungua mpaka shingo inaelea kwenye kola.

"Mama Kalinga, Alhamisi itapita salama?"

"Salama kwa nani, Mheshimiwa?"

Akanywa kidogo, akaunguza ulimi, akaweka kikombe. "Makao makuu wanaipenda sana Sauti yenu. Wanasema mikoa yote ingepata meya kama huyu."

"Mikoa yote itapata. Watu hawaachi kufa."

Alicheka, kisha uso ukamshuka. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi na kutoka alipokaa aliweza kuliona lile joho. "Kila nikiingia humu naogopa," alisema. "Namsalimia, ananijibu 'Karibu sana Mheshimiwa.' Betweli hajawahi kuniita Mheshimiwa katika maisha yake. Aliniita mtumwa wangu. Mara moja aliniita hivyo mbele ya waziri."

"Nakumbuka. Niliandika 'Mstahiki Meya alimtambulisha mgeni.'"

"Angekuwepo angenitukana kuhusu hii chemchemi mpaka nipate sababu ya kuwarudia wakubwa. Sasa sina sababu. Baraza lenyewe linapokea maelekezo! Mimi nitasimama pale niseme nini, kwamba meya mliyeniletea hafai kwa kuwa hanitukani?"

Nilikuwa nafikiria mazishi. Yalikuwa mazishi ya kiserikali, ratiba dakika kwa dakika, gwaride na hotuba nne. Wangoni wa sokoni walifika getini kama inavyowapasa watani, wamevaa makoti ya kinyumenyume na masufuria kichwani, tayari kuruka kaburini na kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wawagomboe kwa kuku au kitenge. Msimamizi wa itifaki aliwazuia. Viongozi wapo, alisema, hakuna vichekesho. Na mtani mkubwa kuliko wote alisimama mbele ya kaburi amevaa suti nyeusi na tai, akitazama viatu vyake.

"Nilipaswa kuingia mle kaburini," Mbano alisema, kama aliyenisikia. "Alinidai hilo tangu tuna miaka thelathini. Tuliahidiana, atakayetangulia, mwenzake atamlalia kaburi mpaka alipwe. Nikaiogopa ratiba."

Alimaliza chai, akavaa kofia. Nilimsindikiza mpaka kwenye kituo cha vigari vya kamba, nikamtazama akielea juu ya mapaa kurudi Mkoani. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye pia.

4

Jumatano asubuhi nilimwita Subilaga nikamfungulia kabati. Alikaa sakafuni na gauni lake zuri, akasoma daftari la tatu, kisha la saba, akicheka mpaka akajishika mbavu. Alipofika kwenye maneno ya mfereji aliacha kucheka.

"Mama, hii ndiyo sauti yake," alisema. "Hii ndiyo niliyoisikia nikiwa mtoto, shuleni, alipokuja kutukemea kwa kuchezea bomba."

"Sauti inakua kwa kusomewa. Kila kumbukumbu mpya huwa naisomea. Nikiisomea haya leo, kesho atapiga kura ya hapana, na atamjibu Mbano inavyotakiwa. Chemchemi itabaki."

Nilidhani atashangilia. Alifunga daftari akaliweka magotini.

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu mwaka kesho, na mwaka unaofuata. Huyu mpole hakuna anayempenda, Mama. Siku moja tutachoka naye tumtoe. Lakini ukimrudisha Betweli mwenyewe, mkali, mcheshi, anayetupigania, nani atamtoa? Mimi nitathubutu? Hata muda wake ukiisha watu wataandamana aongezewe. Wanangu watazeeka wanaongozwa na marehemu." Akanitazama kwa macho ya mwalimu anayesubiri mwanafunzi afike kwenye jibu. "Na haya hayajathibitishwa. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kisichothibitishwa hakikusemwa."

"Basi nikae kimya chemchemi iende?"

"Sijui. Ningekuwa najua ningekwambia." Alisimama, akajipangusa. "Na wewe, unataka kumrudisha kwa ajili ya chemchemi, au kwa ajili yako?"

Mtoto huyu! Nilimfukuza ofisini kwa utani, akatoka akicheka, lakini swali alilibakiza. Sina haja ya kuficha. Nilimpenda Betweli Chengula. Si kama wanavyosema sokoni, alikuwa na mkewe aliyemheshimu na mimi nilikuwa na mume wangu. Nilimpenda kama unavyompenda mtu uliyesikiliza kila neno lake miaka kumi na tisa ukaliandika. Miezi mitano nilikuwa nakaa kando ya kisanduku kile nikimkosa, na aliyenifanya nimkose ni mimi na adabu zangu.

Ilipofika saa nane mchana, madiwani wamekwenda kula, nilibeba madaftari yote kumi na manne nikaingia ukumbini.

5

Nilisoma saa tatu. Kwa sheria mwandishi husema tarehe, kisha anasoma, na kisanduku kinapokea. Kila nilipofika mwisho wa ukurasa taa iliwaka na Sauti ikasema, "Imepokelewa." Nilisoma ugomvi wa soko, nikasoma siku aliyomwita mhandisi wa Serikali "fundi wa kuchora," nikasoma utani wote, wa kwake na wa Mbano. Nilisoma hata yale niliyokuwa nimeyaandika pembeni kwa ajili yangu tu: amepandisha suruali, anatafuta kalamu, amecheka, macho yamelowa.

Katikati ya daftari la kumi na moja Sauti iliacha kusema imepokelewa. Ilikaa kimya.

"Kamwene, dadangu," ilisema.

Watu wa kwetu wote husalimiana hivyo, lakini sikuwahi kuiandika hata mara moja kwenye kumbukumbu rasmi. Nilifunika uso kwa kitenge nikalia. Alisubiri. Nasema *alisubiri*, si ilisubiri, kwa kuwa kuanzia hapo siwezi kusema vinginevyo.

"Goti lako?" aliuliza.

"Linauma wakati wa baridi."

"Jiji hili ni la baridi. Wenye magoti mabovu watafute koti." Halafu akacheka kile kicheko kinachoanzia puani. "Agripina, mbona umenisomea leo? Ulikuwa wapi siku zote hizo?"

Nikamweleza yote, chemchemi, kura, Gridi, na yeye mwenyewe jinsi alivyokuwa akipokea maelekezo tangu mwezi wa nne. Alifoka. Aliniambia nimemfanya karani. Nilikubali.

"Kesho utapiga kura ya hapana?" niliuliza.

Taa iliwaka, ikazima, ikawaka. "Nimekufa, sivyo?"

"Ndiyo, kaka."

"Nilizikwa vizuri?"

"Kwa gwaride."

"Sikuulizi gwaride. Watani walikuja? Mbano aliingia kaburini?"

"Alivaa tai," nilisema.

Vigari vya kamba vilipita juu ya paa. "Unajua kwa nini mtani anavaa nguo za marehemu?" alisema hatimaye. "Anamwigiza, watu wanacheka, wanalia, wanasema huyu ndiye kabisa. Kisha wanamlipa anavua. Akishavua, kila mtu ameona kwamba mle ndani ya nguo hakuwemo mwenyewe. Sasa mimi nimevalishwa hapa miezi mitano, Agripina, na hakuna aliyetoa hata yai la kunigomboa."

"Ukiondoka chemchemi itakwenda. Wewe ndiwe kura ya kumi na tatu."

"Maiti hapigi kura, dadangu. Nikiwaokoa kesho, keshokutwa mtaniita tena. Subilaga yupo?"

"Yupo. Anaogopa."

"Hata mimi niliogopa, ila wewe hukuandika." Akacheka tena. "Kesho uje na jogoo. Mkubwa, mwenye kelele."

6

Alhamisi jogoo alikaa ndani ya tenga chini ya meza yangu, na alivumilia sala ya kufungua kikao. Tulipofika kwenye Yatokanayo na kikao kilichopita, aliwika. Madiwani waligeuka kunitazama. Nikaandika.

Mkuu wa Mkoa aliketi mbele, tai shingoni, faili mapajani, wasaidizi wawili nyuma yake. Alisimama kutoa salamu za Serikali. "Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani, nawaletea..."

"Kaa chini, mtumwa wangu."

Vichwa vyote viligeukia kiti. Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

"Babu yako alipouona mkuki wetu alikimbia mpaka akasahau viatu," alisema Betweli. "Wewe leo umerudi kuchukua ndoo?"

Mbano alikuwa bado amesimama. Nilimwona akikitazama kile kisanduku, kisha akanitazama mimi, nami nikamwinamishia kichwa. Msaidizi mmoja alikuwa ameanza kunong'ona kwenye saa yake; kila neno la kikao lilikuwa linakwenda makao makuu saa hiyohiyo, na Mbano alilijua hilo kuliko sisi.

"Ulikuja kunizika umevaa tai," Betweli aliendelea, kwa sauti ya chini sasa. "Wendelin, uliona wapi mtani anazika na tai?"

Kisha Mbano akapeleka mkono shingoni, akalegeza fundo, akaivua tai, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya faili la Serikali. Msaidizi alisema, "Mheshimiwa..." na Mbano hakumgeukia.

"Babu yangu hakuwa na viatu," alisema. "Alikuja kuvichukua kwenu. Akakuta nanyi hamna."

Ukumbi ulilipuka. Alipita katikati ya vicheko mpaka kwenye kiti, akachukua joho jekundu akalivaa, akavaa na mkufu, na alipogeuka alikuwa Betweli. Alipandisha suruali. Aligonga kipaza sauti mara tatu. Alipapasa meza akitafuta kalamu, akainama chini ya meza, akamkuta jogoo akamwuliza kama ameiona, na wakati wote kalamu ilikuwa sikioni. Diwani wa Mjimwema alicheka mpaka akadondoka kutoka kitini. Subilaga alikuwa anacheka na machozi yanamdondoka kwenye kidevu. Mimi pia. Tulimwona, tulimwona kabisa, na tulilia msiba ambao hatukuwa tumeulia.

Kisha Mbano akajilaza chali sakafuni mbele ya kiti, joho na mkufu na vyote, akafumba macho. "Siondoki humu," alisema, "mpaka mnigomboe."

"Unataka nini?" aliuliza Betweli.

"Nimetumwa chemchemi ya Lwangu."

"Mimi marehemu, marehemu hana mali. Chemchemi ina wenyewe, utawauliza. Mimi nakugomboa kwa nilicho nacho. Dadangu, mpe."

Nilitoa tenga. Jogoo alitoka na kelele zake zote, na Mbano akamkumbatia pale chini kama mtu aliyepewa mtoto. Mtani akishapokea hana ujanja tena, ni lazima avue. Aliinuka polepole, magoti yakilia, akanipa jogoo nimshikie, akavua mkufu, akavua joho. Alitazama kiti. Hakulirudisha pale. Alivuka mpaka alipokaa Subilaga, akamvika mabegani, na kwa kuwa lilikuwa refu mno akainama akalikunja pindo asije akajikwaa.

"Waheshimiwa," alisema Betweli, "najiuzulu. Kwa sheria meya anaweza, na Naibu anashika kiti. Andika hivyo, Agripina, kama nilivyosema, usipambe."

"Naandika," nilisema.

"Na Sheria inasema mwandishi ndiye anayezima."

"Najua, kaka."

"Usisubiri watu wanyamaze."

Akamwambia Mbano neno la mwisho, ukumbi ukaangua kicheko, na kabla kicheko hakijaisha nilinyoosha mkono nikabonyeza. Taa ya kijani ilizimika. Walikuwa bado wanacheka.

Subilaga alisogea kwenye kiti. Alikiweka kisanduku chini, taratibu, kwa mikono miwili, akaketi. Aliita kura. Kumi na wawili, kumi na wawili. Alishika kipaza sauti na tukamsikia akipumua.

"Kura ya uamuzi," alisema kwa ile sauti ndogo. "Bondeni kuna kiu, na sisi tunaijua kiu. Maji tutawapa, siku tatu kila wiki, kuanzia Jumatatu, kwa bomba letu. Funguo hatutoi. Hapana." Akamgeukia Mbano. "Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, utawaambia nini?"

Mbano alikuwa amemchukua tena jogoo kwapani. Tai yake ilikuwa bado mezani. "Nitawaambia nimelipwa," alisema.

Barua ya kulivunja Baraza inaweza kuja wiki ijayo. Inaweza isije. Mbano naye anaweza kuhamishiwa mkoa ambao hana mtani hata mmoja, na nimemwambia ikiwa hivyo nitamtumia jogoo kila Pasaka. Jioni hii nimekaa mezani kwangu, kitenge magotini kwa sababu ya baridi, ninaandaa kumbukumbu za kikao ziende makao makuu. Nimefika mahali ambapo miaka yote ningeandika kwamba Mstahiki Meya alimshukuru Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa kwa kuhudhuria. Mkono wenyewe ulikuwa umeshaanza. Nimekata, nimeandika upya:

*Mstahiki Meya alimwambia Mkuu wa Mkoa: "Haya nenda, mtumwa wangu, na huyo jogoo umchemshe vizuri, ninyi huwa mnaunguza. Nilikupenda sana." Madiwani walicheka. Mwandishi alizima Sauti saa tano na dakika arobaini. Kikao kiliendelea chini ya Meya.*